Alimuuliza wa Kushoto

Mke wangu haamini kitu kwa jina lake. Mkebe ukiandikwa chumvi, anaonja. Nikigonga mlango anachungulia kwenye tundu, ananiona mimi mumewe na sura yangu ile ile aliyoichagua mwenyewe, halafu bado anauliza, "Nani?" Mwanzoni mwa ndoa nilikuwa nikijibu kwamba ni mwizi, nimekuja kuiba chakula changu. Siku hizi natamka jina langu tu, maana nikileta utani mlango unachelewa kufunguliwa. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alimpachika jina la Askari, na jina likamganda hata majirani wakalizoea.

Mimi ni fundi makochi. Duka langu liko chini kabisa ya jengo, sisi tunakaa ghorofa ya saba. Askari anaandika programu za kompyuta, na ilinichukua miaka kuelewa anaandika nini hasa. Wenzake wa shule ukiwauliza wanakuonyesha kitu kwenye simu: hiki nimetengeneza mimi, bonyeza hapa. Yeye hana cha kuonyesha. Ofisi yao inatengeneza kompaila, yaani programu inayochukua maandishi ya waandishi wengine wa programu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzifuata. Wateja wao wanatengeneza mita za maji, mashine za kupimia mizigo, taa za barabarani. Kazi ya mke wangu imo ndani ya vitu hivyo vyote na haionekani popote.

Siku moja nilimwomba anieleze kwa lugha ya mtu mwenye sindano na uzi. Nilikuwa nafungua mzigo dukani, naye amekaa juu ya kochi lisilo na mgongo.

"Huo mfuko umeandikwa sponji," alisema. "Unafungua uone, au unashona hivyo hivyo ndani ya kochi?"

"Inategemea nimenunua kwa nani."

"Basi wewe usije ukaajiriwa kwetu."

Akanieleza kwamba ndani ya kompaila kila kipande cha maandishi kinakuwa kitu chenye aina yake. Kuna namba isiyobadilika. Kuna jina. Kuna kitu ambacho thamani yake haijulikani mpaka mashine iende ikasome wakati huo huo, kama joto la chumba. Vyote vinapita mbele yako vimevaa koti moja, na usipouliza huwezi kujua nani ni nani. Kuna njia mbili za kumkabili mmoja wao. Ya kwanza ni kuuliza: wewe ni namba? Akiwa siye, unaambulia patupu lakini salama, unatafuta njia nyingine. Ya pili ni kudai: wewe ni namba, njoo hapa. Hiyo ni ya pale ambapo umeshajua.

"Na ukidai ukakosea?"

"Ofisini kompaila inapiga kelele na kusimama pale pale. Tunajua, tunarekebisha. Ila ile tunayompelekea mteja, hizo kelele tunazitoa. Zinachelewesha."

Nikamwambia hiyo ni sawa na mwendesha pikipiki anayevaa kofia ngumu akiwa gereji na kuivua akiingia barabarani. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia kama nimemtukania kazi.

Sasa nije kwenye lifti. Ilikufa miezi saba kabla ya siku ninayoisimulia, na ilipokufa ilimfungia mama yangu juu. Magoti yake hayataki ngazi. Zamani alikuwa anashuka kila asubuhi, anakaa mlangoni pa duka langu kwenye kiti cha plastiki, anapokea salamu za mtaa mzima na kuwaambia wateja wangu kwamba mshono huu umepinda. Nilikuwa nalalamika. Alipofungiwa juu nikajua kulalamika ni nini hasa, maana alianza kunipigia simu. Nani huyo anacheka? Gari gani limepita? Yule wa gazeti amepona? Alipungua, mama yangu. Alianza kulala mchana, mtu ambaye hakuwahi kulala mchana maisha yake yote.

Nikaingia kamati ya wapangaji kwa hasira, nikapiga kelele mpaka mwenye nyumba akakubali kuweka lifti ubongo mpya wa kompyuta. Kampuni ya kuifanya aliitaja Askari. Walikuwa wateja wa ofisi yake, alisema, watu makini, wanajibu barua. Wakaja. Fundi lifti wao alikuwa mpole, anafanya kazi huku anapiga mluzi. Makabidhiano yakapangwa Jumamosi asubuhi, na mama akaanza kuchagua nguo tangu Jumatano.

Ijumaa jioni Askari alirudi nyumbani hakugusa chakula. Alikaa ameshika tama, sahani mbele yake, mama anazungumzia viatu gani vitamfaa kesho.

"Kuna nini?" nilimuuliza tulipobaki wawili.

"Leo tumepata barua ya shukrani."

"Pole sana," nikasema.

Hakucheka. Dada mmoja wa kampuni ya lifti, yule anayewaandikia programu, alikuwa ameandika kushukuru. Tangu waanze kutumia kompaila mpya, ile iliyotoka mwezi uliopita, programu ya lifti imekuwa ndogo zaidi na nyepesi, ingawa wao hawakubadili hata herufi. Bosi aliisoma barua kwa sauti, ofisi nzima ikapiga makofi. Akataja na jina la mke wangu, kwa kuwa sehemu iliyofanya hayo ni yake.

"Sasa shida iko wapi?"

"Imepungua kwa sababu gani?" alisema. "Nilichoandika mimi hakikupaswa kuwapunguzia wao kitu. Kuna kitu kilikuwemo, sasa hakimo. Kimekwenda wapi?"

Nikamwambia ukweli wangu: kwamba yeye hata akipewa zawadi anatafuta bomu ndani yake. Kwamba watu wanamsifu naye anatetemeka, hiyo si kazi tena, ni ugonjwa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka Jumamosi yangu iwe nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuangalia kama gesi imezimwa, na akaenda tena.

Asubuhi alivaa kabla ya sisi kunywa chai. "Naenda ofisini nikaangalie mahali pamoja tu. Mama asipande lifti mpaka nipige simu."

"Mama amengoja miezi saba. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimesema mimi."

Nilimwambia. Mama alikuwa ameshavaa, amejifunga kilemba chake cha rangi ya machungwa, mkoba begani utadhani anasafiri. "Askari akisema nisipumue, nitaacha kupumua?" akauliza, na kunipa mkono nimshike.

Basi tukashuka. Na naomba niseme wazi, ilikuwa safi. Milango ilifunguka kama mtu aliyeamka na furaha na kupiga mswaki, ndani taa nyeupe, hakuna kutikisika. Fundi lifti alituonyesha: aliweka mkono katikati ya mlango unaofunga, mlango ukarudi wenyewe. Akaweka tena, ukarudi tena. Majirani walikuwa wamejaa chini, wakampigia mama vigelegele. Mama alikwenda mpaka kwenye kiti chake mlangoni pa duka, akakaa, akavuta pumzi ya vumbi la barabarani, akaangalia kochi la mteja na kusema mshono umepinda. Nilikaribia kulia.

Wakati huo mke wangu alikuwa peke yake ofisini, na mambo ya huko nilikuja kuelezwa baadaye. Alifungua kazi yake mwenyewe na kuisoma kama anasoma ya adui. Ilikuwa sehemu ndogo inayorahisisha ulinganishaji. Mwandishi wa programu akiandika kwamba kitu fulani ni sawa na kitu fulani, na vyote viwili vikiwa ni namba zisizobadilika, hakuna haja ya mashine kulinganisha kila mara. Kompaila inalinganisha mara moja, inaandika jibu, inalifuta swali. Ndiyo maana programu inapungua. Ni kazi ya halali kabisa. Ila kwanza lazima uhakikishe kwamba wa kushoto ni namba, na wa kulia ni namba.

Alikuwa amemuuliza wa kushoto. Kisha, mstari uliofuata, akamdai wa kulia.

Hakumuuliza. Yeye, Askari, anayemuuliza mume wake nani huku anamwona. Aliandika swali, akaona kuna swali, akaridhika kwamba swali lipo, akapita. Na majaribio yote ya ofisini, yale yenye kelele, hayakuwahi kumweka upande wa kulia mtu asiye namba, kwa hiyo hakuna kilichopiga kelele. Kwa mteja, ambako kelele zimetolewa, ilikuja kujulikana baadaye kwamba upande wa kushoto kuna namba inayomaanisha mlango wazi, na upande wa kulia kuna macho ya mlango wenyewe, kitu cha kusomwa kila mara. Kompaila ikamchukua kwa nguvu kama namba. Ikachota takataka yoyote iliyokuwa mahali ambapo namba ingekaa. Takataka ile haikufanana na namba ya mlango wazi, basi jibu likaandikwa: hapana, mlango hauko wazi. Likaandikwa moja kwa moja, daima, na swali likafutwa.

Hakuzima hata kompyuta, alichukua simu.

Alimpigia yule dada wa kampuni ya lifti, simu ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa Jumamosi. Akampigia bosi. Bosi alikuwa kwenye sherehe ya watu, akasogea pembeni. Alimsikiliza, na si mtu mbaya, ila aliogopa kwa upande wake. Akamwambia asimwambie mteja yeyote kitu mpaka Jumatatu, wakae wachunguze, maana neno kama hilo likitoka kabla ya kuthibitishwa ofisi inafungwa. "Na wewe na mimi tunarudi mitaani," alimwambia. "Umeshaona lifti yoyote imekosea?"

Hakuwa ameona. Akanipigia mimi. Simu yangu ilikuwa kwenye droo ya duka, chini ya vifungo, nami nilikuwa nje nikipokea hongera.

Alipotokea kona ya mtaa alikuwa anakimbia, viatu mkononi. Mama alikuwa amechoka na jua na ameomba arudishwe juu apumzike. Nilikuwa nimeshamwingiza ndani ya lifti na kumkalisha kwenye kiti chake, kilemba kimekaa sawa, fundi lifti anakaribia kubonyeza saba. Askari alipita katikati ya watu, akajiweka mlangoni, mgongo upande mmoja na miguu upande wa pili.

"Mama, toka."

"Mke wangu," nilisema kwa sauti ya chini, maana majirani wote walikuwa wanaangalia, "leo siyo siku."

"Toka, mama. Nakuomba."

Fundi lifti aliacha mluzi. Akasema ameijaribu lifti hii tangu Jumatatu, juu na chini, mkono, mguu, mwavuli. Mlango unarudi. Askari akamuuliza, "Umekata umeme mlango ukiwa wazi, ukaurudisha?"

"Nikate umeme wa nini?"

"Mkono ni swali jingine. Programu ikiamka inaangalia mambo yake ya mwanzo. Mlango nao inauangalia hapo mwanzo. Mlango ukiwa wazi umeme unaporudi, inafanya nini?"

"Inasubiri ufungwe, ndipo inapanda kujipima."

"Umeona ikisubiri?"

Aliangalia kisanduku cha umeme ukutani. Umeme wa mtaa wetu wiki hiyo ulikuwa unakatika na kurudi kama mtu mwenye kwikwi. Mwenyekiti wa kamati, mstaafu mmoja mwenye sauti nene, akasema mbele ya watu kwamba kuna wanawake ambao kazi yao ni kutia watu hofu. Watu wengine wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumtetea pia. Kichwa kilikuwa kinaniwaka kwa aibu, na nilikuwa namwona mama akifungiwa tena juu, au safari hii chini, asipate hata kitanda chake.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Sina," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sijaona programu yao. Najua tu kwamba mimi sikuuliza."

Mama alikuwa bado kwenye kiti, mkoba mapajani. Akauliza, "Kwani aliyeandika hicho kitu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Mimi mwenyewe."

Mama akaninyooshea mkono. "Nitoe," akasema. Na mwenyekiti alipoanza kusema jambo, akamgeukia: "Mtu anakwambia nyumba aliyoijenga itakuangukia, unabaki ndani kubishana naye?"

Askari akasimama kando, nikamvuta mama na kiti chake mpaka mlangoni, akatoka. Kiti chake kikabaki, miguu miwili ndani ya lifti na miwili nje, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukivuta. Fundi lifti alikiangalia. Kwa shingo upande akafungua kisanduku ukutani, akatuambia tusogee, akakata umeme. Giza ndani ya lifti. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, akaurudisha.

Taa zikawaka. Hakuna kilichotokea. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi ili aseme alichotaka kusema.

Halafu lifti ikapanda. Haikuita kengele, haikufunga mlango. Ilipanda taratibu na ule mdomo wake wazi, ikakinyanyua kiti upande mmoja, ikakibana kwenye ukingo wa juu, na plastiki ikalia kwa mlio ambao sitausahau. Miguu miwili ikabaki sakafuni kwetu. Fundi lifti alikata umeme kwa kiganja chote, akabaki ameegemea kisanduku. Baadaye alituambia kwamba kuna kufuli la chuma la mlango ambalo lingeizuia lifti hata ubongo ukikosea. Letu lilikuwa limechakaa, ameagiza jipya, akaona ubongo mpya utatosha kwa muda. Alilisema hilo akiwa amekaa chini.

Askari hakutazama lifti. Alikuwa anamtazama mama, ametoa macho, kama vile mama bado yumo ndani.

Basi ikawa ngazi. Mama alishika ukuta kwa mkono mmoja na Askari kwa mkono wa pili, mimi nyuma, tayari kumdaka. Ghorofa ya kwanza alisema anashukuru Mungu. Ya pili alisema magoti haya atayauza. Baada ya hapo alikuwa anahema tu, na mke wangu anamshikilia kwa mikono miwili, anamwambia pole mama, pole mama, nisamehe mama, kila ngazi, mpaka nikatamani anyamaze. Simu yake ilikuwa inaita mfukoni. Alichungulia, akairudisha. Ni bosi.

Ghorofa ya nne mama akakaa kwenye ngazi, kilemba kimelegea, jasho linamshuka shingoni. Askari akapiga magoti mbele yake, akaanza kumsugua miguu.

"Huyo anayepiga anataka nini?" mama akauliza.

"Anataka nisiseme, mama. Mpaka Jumatatu."

"Na hizo lifti ulizoandika ni hii tu?"

Mke wangu aliacha kusugua.

"Siyo hii tu," alisema. "Nyingine sijui hata ziko wapi."

Mama akaiondoa miguu yake mikononi mwake, akaivuta chini ya gauni.

"Mimi nilishatoka," akasema. "Unanishikia nini?"

Simu ikaita tena, bosi. Askari akaikata. Akalitafuta jina la yule dada wa kampuni ya lifti, vidole vikikosea mara mbili, akaweka simu sikioni. Tulikaa pale kwenye ngazi watatu tukiisikiliza ikiita. Mahali fulani chini yetu umeme ulikatika, taa za ngazi zikazimika, zikawaka tena, na mke wangu akafumba macho. Mwisho sauti ikaitikia, ya mtu aliyekuwa anacheka na wenzake, ikauliza nani mwenzangu.

Askari akataja jina lake kamili.

"Watoe watu kwenye lifti," akasema. "Zote. Sasa hivi. Mimi ndiye niliyekosea."